Uji wenye madonge: kisa cha marhamu ya zinki iliyokwaruza ngozi

Jina la kiwanda, mji na majina ya watu nimeyaondoa. Mashine na makosa, yakiwemo ya kwangu, nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Kiwanda na mashine yake

Ni kiwanda kidogo katika jiji la pwani, wafanyakazi hawafiki thelathini, kinatengeneza dawa za kupaka. Bidhaa inayolipa mishahara ni marhamu ya zinki, ile nyeupe wanayopakwa watoto waliochubuliwa na nepi. Fomula yake ni ya vitabuni, haina siri: oksidi ya zinki asilimia 15, kilichobaki ni mafuta ya msingi, yaani vaselini kwa wingi, pamoja na lanolini, parafini ngumu na alkoholi ya setostearili kidogo kidogo. Bechi moja, yaani mkupuo mmoja wa kutengeneza, ni kilo 60, kwa hiyo unga wa zinki ni kilo 9.

Unga huo hauyeyuki kwenye mafuta hata ukoroge mpaka kesho. Unachoweza kufanya ni kuutawanya, kila chembe ikae peke yake imezungukwa na mafuta. Kazi hiyo ndiyo ya mashine ya rola tatu.

Mashine yao ina rola za chuma kisichoshika kutu zilizolala sambamba, kipenyo milimita 150, urefu milimita 300. Ndani ziko wazi, maji ya kupoza hupita humo. Rola ya nyuma, ya kulishia, huzunguka mara 20 kwa dakika. Ya kati mara 60. Ya mbele mara 180. Uwiano huo wa 1:3:9 ni wa kawaida kwa mashine za namna hii, iwe inatengeneza wino wa ofseti (ule wa mitambo ya kuchapa vitabu na magazeti), rangi ya wachoraji au dawa. Rola mbili jirani huzunguka kwa kuelekeana, hivyo mali, yaani kinachosagwa, ikiwekwa kati ya ya nyuma na ya kati huvutwa chini kwenye mwanya. Ikitokea upande wa pili hugawanyika: sehemu ndogo hurudi na rola ya polepole, sehemu kubwa hung'ang'ania ile yenye kasi na kupelekwa kwenye mwanya wa pili, ambao ni mwembamba zaidi. Mwisho kuna kisu kinachokwangua utando kwenye rola ya mbele na kuushusha kwenye sinia.

Wengi wakiiona mara ya kwanza hudhani rola zinaponda chembe kama kinu cha mahindi kinavyoponda punje. Sivyo. Rola zikiwa kazini hazitakiwi kugusana kabisa. Piga hesabu ya mwanya wa pili: uso wa rola ya mbele unakwenda karibu sentimita 141 kwa sekunde, wa rola ya kati sentimita 47. Tofauti ni sentimita 94 kwa sekunde, na yote inabebwa na tabaka la marhamu lenye unene wa mikroni 20 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nyembamba kuliko unywele. Donge likiingia hapo, upande mmoja unavutwa mbio na wa pili unabaki nyuma, linararuka. Anayelirarua ni marhamu yenyewe. Ikiwa nzito, inalishika donge na kulivuta. Ikiwa nyepesi kama mafuta ya kupikia, donge linateleza na kupita zima.

Malalamiko ya Januari

Wiki ya pili ya Januari, mwenye duka moja la dawa alimpigia simu msimamizi wa uzalishaji. "Dada, hii dawa yenu ina mchanga. Kuna mama kairudisha, anasema mtoto analia akipakwa."

Dada wa maabara alichukua tyubu ya bechi hiyo, akapaka kidogo nyuma ya kiganja na kusugua kwa kidole. Mchanga ulikuwepo. Akaenda kwenye geji ya chembe. Kwa asiyeijua: ni kipande cha chuma kilichonyooka sana, kimechongwa mfereji ambao mwanzo una kina cha mikroni 100 na mwisho unafika sifuri. Unaweka tone kwenye kina kikubwa, unalivuta kwa kikwangulio hadi mwisho, halafu unainamisha macho upande wa mwanga na kutafuta mahali chembe zinapoanza kuonekana kwa wingi juu ya utando. Kanuni ya kimataifa ya kipimo hiki, ISO 1524, inataka usome pale ambapo ukanda wa upana wa milimita 3 una chembe 5 hadi 10. Chembe moja moja zilizotangulia hazihesabiwi. Na unasoma upesi, kabla utando haujabadilika.

Kikomo cha kiwanda kilikuwa mikroni 30. Geji ilisema 65.

Chini ya hadubini hapakuwa na mchanga wowote. Palikuwa na madonge meupe ya unga uleule. Chembe moja ya oksidi ya zinki haifiki mikroni moja. Hizi zilikuwa zimeshikana maelfu kwa maelfu, na hewa ndani yake.

Bechi ilizuiwa siku hiyohiyo na katoni zilizokwisha toka zikarudishwa kutoka madukani. Mwezi ule yalifanyika maamuzi mengi. Hilo ndilo lililofanywa haraka kuliko yote, na ndilo bora kuliko yote. Kilichowachanganya ni kwamba fomula ni ileile, mashine ileile, fundi yuleyule, na Julai iliyopita geji ilikuwa ikisoma chini ya 25 bila shida.

Hatua tatu kabla sijaitwa

Hatua ya kwanza ilikuwa kukaza. Fikra ilikuwa nyepesi: madonge ni makubwa, basi tupunguze mwanya. Fundi akakaza skrubu za nyuma na za mbele, sindano ya ampia, inayoonyesha umeme unaovutwa na mota, ikapanda kutoka 4 hadi 7, na dakika kumi za mwanzo marhamu ilitoka laini kidogo. Wakashangilia. Nusu saa baadaye geji ikarudi 60, na marhamu iliyoshuka kwenye sinia ilikuwa inatiririka.

Hatua ya pili ilikuwa kurudia. Kama kupitisha mara mbili hakutoshi, tupitishe mara tano. Siku nzima ikaishia kwenye bechi moja. Geji ikashuka hadi 45, lakini jioni dada wa maabara aliona jambo jingine: marhamu iliyotakiwa kuwa nyeupe kama maziwa ilikuwa na wingu la kijivu. Ulikuwa unga wa chuma. Rola zilikuwa zimekazwa hadi sehemu fulani zinagusana, na kisu nacho kilikuwa kimebanwa mno. Bechi hiyo ikaenda kuteketezwa, pamoja na iliyoifuata.

Hatua ya tatu ilikuwa barafu. Mtu mmoja alisema kweli kwamba rola zina joto sana, kwa hiyo wakatupa vipande vya barafu kwenye tangi la maji ya kupoza. Kwa saa moja ilionekana tiba imepatikana. Kisha rola zikaanza kutoa jasho. Januari ya pwani, hewa imejaa maji. Chuma kikiwa baridi kama chupa ya soda kutoka kwenye friji, umande lazima utoke. Matone yakasagwa ndani ya dawa isiyotakiwa kuwa na maji hata kidogo. Marhamu ya mafuta matupu haiwekwi kihifadhi kwa sababu vijidudu haviwezi kuzaliana humo pasipo maji. Ukiingiza maji umebadilisha dawa. Bechi ya tatu nayo ikateketezwa.

Baada ya hapo mwenye kiwanda akaomba bei ya mashine mpya, na wakati anasubiri akanipigia mimi.

Nilichokikuta

Mimi nimelelewa na wino. Kabla ya kuingia kwenye dawa nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha wino wa ofseti, na nilipofika pale nilikuwa na hakika tatizo ni rola. Nusu yake nilikuwa sahihi.

Niliomba waiwashe nikasimama mbele ya kisu bila kusema kitu. Utando kwenye rola ya mbele ukieleza hali ya mashine husema wazi kuliko mita yoyote. Unatakiwa uwe wa rangi moja kutoka kushoto hadi kulia. Pale kulikuwa na mkanda mpana upande wa kushoto, mweupe mzito na usio na mng'ao. Katikati utando ulikuwa mwembamba hadi chuma kinaonekana. Kulia kati kwa kati. Nikachukua sampuli tatu badala ya moja. Kushoto geji ilisoma 70, katikati 20, kulia 40. Kumbe wiki zote hizo maabara ilikuwa inachota kutoka kwenye ndoo, ambako yote matatu yameshachanganyika, na fundi akiona 60 anakaza pande zote sawasawa. Katikati kukawa kunasugua chuma kwa chuma, na kushoto madonge yanapita mlango wazi.

Nikapima joto la marhamu pale inapokwanguliwa: nyuzi 46. Vaselini hulainika na kuyeyuka ndani ya nyuzi 38 hadi 60, kwa hiyo kwa nyuzi 46 ile haikuwa marhamu tena, ilikuwa mchuzi. Mashine ilikuwa inajipasha moto yenyewe: ukikaza, msuguano unaongezeka, joto linapanda, marhamu inakuwa nyepesi, haishiki donge, geji inapanda, unakaza tena. Julai kwenye chumba cha nyuzi 24 mduara huo haukuwahi kuanza. Januari chumba kilikuwa na nyuzi 32 kabla mashine haijawashwa.

Hadi hapo nilikuwa najiona fundi. Lililonipita liligunduliwa na mtu mwingine.

Saa nne tulikaa nje kunywa uji. Nilikuwa nazungumza na kijana anayesimamia sufuria kubwa, namuuliza unga wa zinki unaingia wakati gani. "Mafuta yakishayeyuka yote," akasema, "nyuzi 70, nazima moto, namwaga unga, nakoroga dakika ishirini." Mama anayetupikia uji alikuwa amesimama na birika mkononi, akacheka. "Unamwaga unga kwenye moto? Mbona utapata madonge, baba. Koroga kwanza pembeni na maji kidogo ya baridi, uwe mzito, ndiyo umimine."

Kijana akajibu kwamba zinki si unga wa mahindi. Ni kweli. Unga wa mahindi huiva kwa nje ukafungia unga mkavu ndani, zinki haiivi. Lakini kanuni ya mkono ni moja. Mafuta ya nyuzi 70 ni mepesi kama maji. Donge la zinki likitua humo linaelea na hewa yake, mwiko unalisukuma, linasogea, hakuna cha kulivunja. Baadaye linazama. Nilienda kuchungulia sufuria: chini palikuwa na tope jeupe, juu mafuta karibu matupu. Rola zilikuwa zinalishwa mafuta asubuhi na tope mchana, ndani ya bechi moja.

Kutoka hapo nikaenda stoo. Mifuko ya zinki ilikuwa imefunguliwa na kukunjwa tu mdomo, ukuta mmoja na sehemu ya kuoshea vyombo. Oksidi ya zinki ikiachwa wazi hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, ikashikana. Nilichota konzi moja, nikaifinya, ikabaki na alama za vidole vyangu. Chekecheke ilikuwepo imetundikwa msumarini, waya umechanika tangu Oktoba.

Tulichoamua, na kwa nini

Jambo la kwanza lilikuwa kumwomba mwenye kiwanda asinunue mashine. Hakupenda. Alisema, na alikuwa na haki yake, kwamba amepoteza bechi tatu na anataka kitu anachoweza kukiona kwa macho. Nikamwambia mashine mpya ikilishwa tope lile kwenye joto lile itatoa marhamu ileile, tena kwa mkopo wa benki. Akanipa wiki tatu.

Unga sasa unakaushwa kwenye oveni, unapita kwenye chekecheke mpya ya mikroni 180 asubuhi ya siku ya kazi, na unatumika siku hiyo. Mifuko ilihamishiwa chumba kikavu, ndani ya mapipa yenye kifuniko.

Badiliko kubwa lilikuwa kwenye sufuria. Badala ya kusambaza kilo 9 za unga ndani ya kilo 51 za mafuta, tulichukua kilo 9 za unga na kilo 9 tu za mafuta ya msingi, yakiwa vuguvugu, si ya moto. Mafuta yanaongezwa kidogo kidogo huku unga ukikandwa hadi pasibaki sehemu kavu. Kinachotoka ni kitu kizito kinachosimama kwenye mwiko. Wafanyakazi wakakiita ugali siku ya kwanza, na jina likabaki hadi kwenye fomu ya bechi. Ugali ndio unaopita kwenye rola. Mafuta yaliyobaki yanaongezwa baadaye kuufanya uwe marhamu.

Kwenye wino hili hatulijadili. Kaboni nyeusi, unga unaotia wino rangi, husagwa ikiwa nzito mno pamoja na sehemu tu ya vanishi, kimiminika kinachoubeba, kisha vanishi iliyobaki huongezwa mwishoni. Nilikuwa nalijua miaka yote na bado nilihitaji kukumbushwa na mama mwenye birika. Hilo sijui nilielezeje.

Rola tulizilegeza kabisa na kuanza upya. Ugali ukiwa juu yake, tukasogeza ncha moja moja, robo ya mzunguko wa skrubu kila mara, tukiangalia utando na si mita ya ampia. Kila baada ya marekebisho tulichukua sampuli kushoto, katikati na kulia. Ilichukua asubuhi nzima kufikia 20, 15, 20.

Kisu kilinolewa, kikabanwa kwa nguvu ndogo inayotosha kukwangua. Kisu butu hubanwa zaidi ili kifanye kazi, na kinapobanwa kinakula rola.

Maji ya kupoza yalitusumbua. Tulihitaji rola baridi, lakini zisitoe jasho. Hawakuwa na kipima unyevu, na sikutaka wasubiri kimoja kitoke nje ya nchi. Tukatumia kikombe cha bati. Unakijaza maji ya tangi, unakifuta kwa nje, unakiweka juu ya meza karibu na mashine dakika tano. Kikitoa jasho, rola zitatoa jasho. Ongeza maji ya kawaida tangini. Kikibaki kikavu, endelea. Januari ile kikombe kilianza kutoa jasho maji yakishuka chini ya nyuzi 25 hivi, kwa hiyo tukafanya kazi kati ya 26 na 28. Mwenye kiwanda alikubali pia kuweka kiyoyozi kwenye chumba cha mashine, ambacho mbali na kupoza hukausha hewa, na kusogeza kazi ya rola ianze saa kumi na mbili asubuhi.

Matokeo

Bechi ya kwanza ya ugali iliharibika, na kosa lilikuwa langu.

Ugali wenyewe ulitoka rola ukiwa mzuri, geji 15. Nilikuwa nimewaeleza kila kitu hadi hapo, halafu nikaenda kupokea simu. Walifanya ambacho mtu yeyote angefanya: wakachukua kilo 18 za ugali uliopoa, wakautumbukiza kwenye kilo 42 za mafuta ya moto na kukoroga. Vipande vya ugali vikajifunga na kuelea kama maandazi kwenye karai. Marhamu ikawa na vipira vyeupe vya ukubwa wa punje ya mtama. Angalau vipira hivyo havikuwa madonge makavu, kwa hiyo kuvikanda upya taratibu kukavimaliza, na bechi ikatumika kama ya mafunzo tu, haikuuzwa. Utaratibu sahihi ni wa kinyume: mafuta yanaufuata ugali. Kilo moja, unakoroga hadi imezama, kilo mbili, kilo nne, hadi mchanganyiko uwe mwepesi wa kutosha kupokea yaliyobaki.

Bechi ya pili geji ilisoma 20. Ya tatu 15. Hadi wiki ya tatu inaisha hawakuwa wamevuka 25, na joto kwenye kisu halikupita nyuzi 34. Kuhusu muda, njia ya zamani ilipofikia kupitisha mara tano, rola zilikuwa zinapitisha kilo 300 kwa bechi moja. Sasa zinapitisha kilo 18 mara mbili, yaani 36. Fundi anamaliza kabla ya chai.

Mwenye duka aliyepiga simu ya kwanza alitumiwa katoni mpya. Hajapiga tena, ambalo kwa biashara hii ndilo jibu.

Uchambuzi

Kosa la mwanzo halikuwa kukaza. Mtu yeyote angejaribu kukaza. Kosa lilikuwa kukaza bila kupima joto, kisha kuona matokeo mazuri ya dakika kumi na kuyaita ushahidi. Rola zikiwa bado baridi, kukaza husaidia kweli. Aliyechukua sampuli dakika ya kumi na aliyechukua dakika ya arobaini walikuwa wanapima mashine mbili tofauti, na fomu ya bechi haikuwa na nafasi ya kuandika saa.

Sampuli ya ndoo nayo iliwapoteza. Namba moja ya 60 ilificha 70, 20 na 40, na kila moja ya hizo inadai tiba yake. Nikiruhusiwa kubadilisha jambo moja tu kwenye kiwanda chochote chenye rola, nitabadilisha hilo kabla ya mengine yote: ncha mbili na katikati, kila mara.

Wazo la barafu nalitetea. Aliyelitoa ndiye mtu pekee aliyeona kwamba joto ndilo tatizo, na alinyamazishwa baada ya umande kutoka. Alikosea kiwango tu. Kwenye wino wa mafuta kosa lake lingeonekana polepole zaidi. Kwenye dawa lilikuwa la kuteketeza bechi.

Hapo ndipo uzoefu wa wino unaposaidia na pia unapodanganya. Wino wa ofseti unakaa kwenye karatasi kwa unene wa mikroni moja au mbili tu, kwa hiyo tulizoea kutafuta ulaini mkubwa kuliko marhamu ya ngozi inavyohitaji. Niliingia pale na tamaa ya kufika chini ya 10, na ningewachosha bure. Ngozi ya mtoto haitofautishi 10 na 20. Ingekuwa marhamu ya macho, habari ingebadilika: Famakopia ya Ulaya, kitabu cha viwango vya dawa, hairuhusu hata chembe moja inayozidi mikroni 90 katika kiasi cha dawa chenye mikrogramu 10 za kiambato kigumu, na zinazozidi 25 haziruhusiwi kupita ishirini. Kwa kazi hiyo njia ya geji na kidole haitoshi, ni hadubini.

Wenye viwanda vya rangi za nyumba waliosikia kisa hiki wameniuliza kama na wao wanahitaji rola. Kwa kawaida hapana. Rangi ya ukuta ni nyepesi, itadondoka kati ya rola kabla haijafanyiwa lolote. Hiyo ni kazi ya kikorogeo cha kasi, na rangi laini zaidi hupelekwa kwenye kinu cha shanga, kinachosaga kwa vishanga vigumu. Tena rola ziko wazi, kwa hiyo kiyeyushi kinachoruka kitaishia puani mwa fundi. Rola zimebaki na mali nzito zisizokauka upesi, na ndiyo maana marhamu, wino wa ofseti na rangi ya mafuta ya wachoraji hukutana kwenye mashine moja ingawa hazifanani kwa lolote jingine.

Nikisema mashine moja namaanisha aina moja ya mashine, si mashine ileile: kushirikisha wino na dawa kwenye rola zilezile ni mwiko. Naitaja kwa sababu nimeshaulizwa, na aliyeuliza hakuwa anatania. Rola nyingi za wino ni za chuma cha kalibu, na rangi hujificha kwenye vinyweleo vyake hata baada ya kuoshwa.

Kuna jambo lililonishtua kuliko geji yoyote, na halikuwemo kwenye malalamiko. Siku ya pili nilimwona kijana anasafisha rola ya kati kwa kitambaa huku mashine inazunguka, mkono ukiwa upande ambao rola zinavuta kuingia ndani. Kitambaa kikanaswa, kikatoweka kwenye mwanya kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Aliachia. Kipau cha kusimamisha dharura kilikuwa kimefungwa kwa selotepu kwa sababu "kinagusika ovyo." Tulikata selotepu saa hiyohiyo, kipau kikajaribiwa, na usafi wa rola zikiwa zinazunguka ukapigwa marufuku isipokuwa kwa kipanguso kirefu cha plastiki, upande ambao zinatoa na si unaovuta. Kwenye wino tulikuwa na hofu moja ya ziada, matambara yenye mafuta ya kitani, ambayo yakirundikwa hupata joto yenyewe hadi kuwaka. Vaselini haina tabia hiyo. Lakini vidole ni vilevile.

Ambalo halijatatuliwa ni upande wa kulia. Mashine ikifanya kazi zaidi ya saa mbili, beringi ya rola ya mbele upande huo hupata joto kuliko mwenzake na sampuli ya kulia hupanda kutoka 20 hadi 28. Bado ni ndani ya kikomo, na kwa kilo 36 mashine haifiki saa mbili. Siku wakipata oda kubwa itafika. Beringi imeagizwa. Kikombe cha bati kimetobolewa mpini na kutundikwa kwa kamba pembeni ya tangi, juu ya msumari uleule uliokuwa na chekecheke iliyochanika.